Hadubini, msimbopau au vyote pamoja: njia ipi ya kuelezea spishi mpya ya nyigu vimelea?

Tuseme una vichupa vya spiriti vilivyojaa nyigu wadogo kuliko punje ya mchele. Wengine walinaswa na mtego msituni, wengine walitoboa na kutoka ndani ya viwavi uliokuwa ukiwafuga. Umewapitisha kwenye kila ufunguo wa utambuzi (mfululizo wa maswali ya sifa unaokufikisha kwenye jina) ulioupata, na wachache wamegoma kuingia popote. Kwa mtu anayefanya kazi katika nchi za joto hilo ni la kawaida kabisa: familia mbili tu za nyigu vimelea (ambao mabuu yao hukulia kwa wadudu wengine), Ichneumonidae na Braconidae, zina spishi zaidi ya 40,000 zenye majina, na wasio na majina wanadhaniwa kuwa wengi kuliko hao. Sasa inabidi uwaelezee na kuwapa majina. Utaanzia kwenye hadubini, kwenye DNA, au utashika vyote viwili?

Swali hili limewagombanisha wataalamu kwa miaka mingi, na ukisoma upande mmoja tu utadhani upande wa pili umekosa akili. Hapa nazilinganisha njia tatu kwa kutazama kazi tatu zilizotoka katika jarida lilelile, ZooKeys, miaka ya 2014, 2019 na 2021, kisha naongeza mifano ya Kenya inayotuhusu zaidi. Kipimo changu ni kimoja: mtu atakayekutana na nyigu huyo baada yako, awe Kitale, Morogoro au Kisangani, ataweza kumtambua kwa ulichoandika?

Sheria inadai kidogo kuliko unavyofikiri

Majina ya wanyama yanasimamiwa na kanuni ya kimataifa ambayo toleo lake la nne linatumika tangu Januari 1, 2000. Kwa spishi mpya inataka mambo machache. Utoe maelezo yanayotaja kwa maneno sifa zinazodhaniwa kuitofautisha spishi hiyo na nyingine. Uteue holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina litafungwa kwacho daima, na useme kitahifadhiwa wapi. Ukichapisha kwa njia ya kielektroniki pekee, jambo lililoruhusiwa mwaka 2012, kazi isajiliwe katika ZooBank, sajili rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Basi. Kanuni haidai DNA, haidai picha, haidai ufunguo, wala haidai kwamba maelezo yako yawe mazuri.

Ndiyo maana hata enzi ya hadubini tupu ilizaa majina yasiyosaidia. Alexandre Girault, aliyefanya kazi Australia mwanzoni mwa karne ya 20, aliwapa majina maelfu ya nyigu wadogo, wengi kwa maelezo mafupi mno. Majina yake bado yanasimama, na warithi wake hulazimika kurudi kwenye slaidi zake zilizochakaa kutafuta alimaanisha nini. Ukisikia mtu akisema ufupi ni ugonjwa ulioletwa na DNA, mkumbushe Girault.

Hadubini peke yake

Karibu majina yote tuliyo nayo yametokana na njia hii. Unatazama mishipa ya mabawa, pingili za vipapasio, vinyweleo na mikwaruzo ya kidari, urefu wa mrija wa kutagia ukilinganishwa na mguu wa nyuma. Unapima, unapiga picha, unalinganisha na holotaipu za zamani, kisha unaandika kinachotofautisha.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Kuanzia Septemba 2014 hadi Septemba 2015, timu ya watafiti wenye kituo chao Chuo Kikuu cha Turku, Finland, ilitega mitego katika Hifadhi ya Kibale, Uganda, kuanzia msitu usioguswa hadi mashambani. Sampuli 456 za mitego zilitoa nyigu 444 wa kundi la Rhyssinae, wa spishi sita tu. Rhyssinae ni nyigu wakubwa kidogo. Jike ana mrija mrefu anaoutumia kutoboa mti ili kuwafikia mabuu waliojificha ndani. Katika kazi iliyochapishwa 2019, timu hiyo ilieleza spishi mbili mpya, *Epirhyssa quagga* na *Epirhyssa johanna*. La kwanza ni jina la yule punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka. Juu ya hizo, waliandika ufunguo wenye picha wa kuwatambua Rhyssinae wote wa Afrika kusini mwa Sahara.

Ufunguo huo ndio thamani kubwa ya kazi yao. Mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida anaweza kuketi nao Makerere au Nairobi akapata jibu siku hiyohiyo, bila maabara na bila kutuma mguu wa nyigu ng'ambo. Tena ni kundi linalostahimili njia hii: wakubwa, wenye rangi, spishi chache.

Lakini kazi hiyohiyo inaonyesha pia shimo la njia yenyewe. Waligundua kwamba *Epirhyssa overlaeti*, iliyopewa jina 1937, ni jike wa nyigu ambaye dume lake lilielezwa 2014 kama spishi nyingine, *E. gavinbroadi*. Mke na mume waliishi vitabuni kama wageni wasiojuana. Kwa nyigu hili hutokea sana, maana dume na jike huweza kutofautiana kwa rangi, ukubwa na hata idadi ya pingili za vipapasio.

Shimo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni spishi zinazofanana mno. Mwaka 2008 watafiti walichukua nyigu 2,597 wa jenasi sita za Microgastrinae, nusufamilia ya Braconidae, kutoka Guanacaste, Costa Rica. Macho ya wataalamu yalikuwa yamewagawa katika spishi 171. Walipoongeza DNA na taarifa za viwavi ambamo nyigu hao walitoka, idadi ikapanda hadi 313. Waliofanya mgawanyo wa kwanza hawakuwa wanagenzi. Ni kwamba nyigu wa milimita mbili au tatu hana nafasi nyingi mwilini ya kuandikia tofauti zake.

Msimbopau na picha moja

Wazo la msimbopau wa DNA lilienezwa na Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, kuanzia 2003. Unasoma kipande kimoja cha jeni ya COI iliyo katika mitokondria, chenye herufi kama 658, na unakilinganisha na vingine. Mguu mmoja wa nyigu unatosha, na mwili wote unabaki kwenye pini.

Mwaka 2021 Michael Sharkey na wenzake waliipeleka njia hii hadi mwisho wake. Katika chapisho moja walieleza spishi mpya 403 za Braconidae wa Costa Rica, kutoka nusufamilia 11. Kwa sehemu kubwa kila spishi ilipata picha ya ubavuni, mfuatano wa herufi za COI, jina, na kiwavi aliyemlea pale alipojulikana. Hakuna ufunguo wa sifa za mwili, hakuna aya za kueleza kidari kikoje.

Hoja yao ina uzito, na wanaoibeza mara nyingi hawajawahi kukabiliwa na mafriji yaliyojaa nyigu wasio na majina. Kwa mwendo wa zamani, nyigu wa msitu mmoja tu wangemaliza vizazi kadhaa vya wataalamu, na msitu haungoji. Msimbopau pia hufanya mambo ambayo hadubini haiwezi: huunganisha dume na jike bila ubishi, hutambua buu ambaye hajakomaa, na hutambua mabaki ya nyigu ndani ya kiwavi aliyekufa.

Sasa upande wa hasara. Kwanza, jina linakuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Asiye na fedha au mashine ya kusoma DNA hawezi kuwatambua nyigu hao kamwe, hata akiwa nao mkononi. Pili, kuna majina ya karne ya 19 na ya 20 ambayo holotaipu zake hazijawahi kusomwa DNA. Ukitegemea herufi tu, utajuaje kwamba "spishi mpya" yako haikupewa jina London au Paris miaka mia iliyopita? Kwa Afrika, ambako holotaipu nyingi za zamani zimelala Ulaya, hatari hii si ndogo. Tatu, wakosoaji walihoji kama mfuatano wa herufi unatimiza sharti la kutaja sifa kwa maneno. Nne, wengine walizichambua upya data za chapisho lile, wakaonyesha kwamba mipaka ya spishi nyingi inahama ukibadilisha njia ya kukokotoa.

Halafu kuna visa vya kibiolojia vinavyoihadaa COI yenyewe. Bakteria *Wolbachia* hurithiwa kupitia mama, kama mitokondria, na anaweza kusambaza aina moja ya mitokondria kupita mipaka ya spishi, au kuzigawa jamii za spishi moja. Nakala za zamani za jeni hiyo, zilizohamia kwenye kiini cha seli, husomeka kwa makosa kana kwamba ndizo zenyewe. Na nyigu aliyekulia tumboni mwa kiwavi anaweza kukupa herufi za kiwavi.

Mseto

Guanacaste ileile iliyotupa kazi ya 2021 ilikuwa imetupa nyingine mwaka 2014, na kwangu mimi kuziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu ni somo tosha. Jose Fernandez-Triana na wenzake walichukua jenasi *Apanteles* wakaeleza spishi mpya 186, kutoka viwavi zaidi ya 3,200 waliokuwa wameshambuliwa. Walitoa funguo za spishi 205 za Amerika ya Kati, za kuchapishwa na za kompyuta, pamoja na picha nyingi. Misimbopau iliwekwa pale ilipopatikana, pamoja na kiwavi mwenyeji, yaani yule anayemlea nyigu, na kama mabuu ya nyigu hukua peke yake au kwa kundi. Maelezo ya sifa yalizalishwa na programu ya kompyuta kutoka kwenye jedwali la data, kwa hiyo hakuna aliyekaa kuandika aya 186 kwa mkono. Kazi nzima ina kurasa zaidi ya 500.

Yaani kasi na ukamilifu vinaweza kukaa nyumba moja, ila kodi yake ni kubwa: timu ya watu wengi, na mradi wa kufuga viwavi ambao Daniel Janzen na Winnie Hallwachs waliuanza 1978. Asiye na miaka thelathini ya viwavi nyuma yake asijilaumu akishindwa kuuiga.

Kwetu mseto umefanya kazi kwa kipimo kidogo zaidi. *Cotesia sesamiae* ni nyigu wa asili ya Afrika anayeshambulia vipekecha shina vya mahindi na mtama. Kwa muda mrefu watafiti Kenya walishangazwa naye. Yule wa pwani, Mombasa, akitaga ndani ya kiwavi wa *Busseola fusca*, seli za kinga za kiwavi huyazingira mayai na kuyaua; yule wa bara, Kitale, hustawi vizuri ndani ya kiwavi huyohuyo. Tofauti ikaja kuhusishwa na jeni ya virusi ambavyo nyigu huingiza pamoja na mayai yake. Kwa hadubini walikuwa nyigu mmoja.

Kisha 2017 kundi jingine lililokuwa limefichwa ndani ya jina hilohilo likatolewa na kuitwa *Cotesia typhae*. Huyu amejifunga kwa kiwavi mmoja, *Sesamia nonagrioides*, na jina lake limetokana na *Typha*, mmea wa majini anakoishi kiwavi huyo. Wataalamu walitumia DNA, maumbo na tabia kwa pamoja. Faida yake imevuka bahari: kiwavi huyo ni adui wa mahindi kusini mwa Ulaya, na nyigu waliotoka Kenya wakaanza kuchunguzwa Ufaransa kama dawa hai.

Mwaka huohuo ilielezwa *Cotesia icipe*, iliyopewa jina la taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliyoko Nairobi. Ilitoka kwa viwavi wa *Spodoptera* waliokuwa wakila mchicha Kenya. Maelezo yalikuwa na maumbo, msimbopau na wenyeji wake. Viwavijeshi vamizi walikuwa ndiyo kwanza wameingia Afrika, na watafiti wa Ethiopia walipoanza kutafuta maadui wa asili wa kiwavi huyo, *C. icipe* alikuwa ndiye nyigu aliyeongoza, akiwa ameshambulia kati ya asilimia 33.8 na 45.3 ya viwavi. Jina na maelezo vilikuwa tayari vinamsubiri.

Anayeona huu wote ni uchovu wa bure akumbuke vidung'ata vya mihogo, *Phenacoccus manihoti*, vilivyoingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuangamiza mashamba. Watafutaji walikwenda kaskazini mwa Amerika Kusini, wakapata kidung'ata anayefanana naye na nyigu wake, lakini nyigu hao hawakufaa. Kumbe kidung'ata huyo alikuwa spishi nyingine, iliyokuja kuitwa *Phenacoccus herreni*. Kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay 1981 na nyigu wake, *Anagyrus lopezi*, akaachiliwa Nigeria mwaka huohuo. Nyigu huyo alikuwa na jina tangu 1964. Kilichopoteza muda ni kumkosea mwenyeji wake.

Kwa jicho moja

| | Hadubini | Msimbopau na picha | Mseto |
|---|---|---|---|
| Kasi | Pole, hasa kwa jenasi kubwa | Kubwa sana | Ya kati |
| Kinachohitajika | Hadubini, holotaipu za kulinganisha, jicho lililozoea | Maabara au mtu wa kukusomea DNA | Vyote, na watu wa kushirikiana |
| Spishi zinazofanana | Huzipita bila kuziona | Huzitenga, mara nyingine kupita kiasi | Huzitenga na kuzipima kwa ushahidi wa pili |
| Atakayeweza kutumia | Yeyote mwenye hadubini | Mwenye uwezo wa kusoma DNA tu | Wote wawili |
| Kuungana na majina ya zamani | Rahisi zaidi | Ngumu | Inawezekana |

Umewapataje nyigu wako?

Jibu la swali hili huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Mtego wa Malaise, hema la wavu lililobuniwa na Msweden René Malaise miaka ya 1930, hukusanya usiku na mchana bila kuchoka na hukupa spishi nyingi, lakini haukuambii hata moja anaishi kwa nani. Kufuga viwavi ni kazi ya kila siku: majani mabichi, kusafisha vinyesi, vifo visivyo na maelezo. Lakini nyigu mmoja aliyetoka kwa kiwavi anayejulikana, juu ya mmea unaojulikana, ana uzito wa kumi wa mtego. Mwenyeji ni sifa, tena mara nyingi ni sifa iliyo wazi kuliko mshipa wowote wa bawa. Katika *Apanteles* wa 2014, kama asilimia 90 ya spishi zenye wenyeji wanaojulikana zilishikamana na familia moja ya viwavi, mara nyingi spishi moja tu.

Basi uchague

Ukiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye vichupa vichache vya nyigu waliofugwa kutoka mazao, nenda na mseto, bila kusita. Idadi ni ndogo, gharama ya DNA inabebeka, na wewe ndiye mwenye taarifa ya mwenyeji ambayo hakuna mwingine anayo. Ukielekea kwenye udhibiti wa wadudu waharibifu, ongeza jaribio la kuwazalisha pamoja, uone kama uzao unawezekana kati ya makundi mawili. Hilo linakata ubishi ambao si herufi wala hadubini ingeukata.

Ukiwa na kundi la nyigu wakubwa, wachache kwa spishi, na mkusanyo wa makumbusho unaofikika, hadubini inatosha kuanzia. Fanya mapitio ya kundi zima la eneo lako na utoe ufunguo. Spishi mbili mpya ndani ya ufunguo mzuri zina faida kuliko ishirini zilizotawanyika katika makala ishirini.

Ukiwa na maelfu kutoka mitegoni, soma DNA kwanza ili kuwapanga, na mashine ndogo za kusoma DNA za siku hizi zinazoenea kiganjani zimelifanya hilo liwezekane hata mbali na maabara kubwa. Ila mafungu ya DNA yaite kwa namba. Usikimbilie majina ya Kilatini hadi mtu awe ameyatazama kwa hadubini na kukuta angalau sifa moja ya kuandika. Namba inafaa kabisa kwa hesabu ya bioanuwai, na haimfungi mtu miaka mia ijayo. Hapa ndipo ninapotofautiana na kazi ya 2021: kasi yake ninaiheshimu, lakini majina 403 yangeweza kusubiri sentensi moja moja ya mwili.

Na ukiwa na kielelezo kimoja pekee? Kiache, isipokuwa kama kiko ndani ya mapitio makubwa na kinatofautika kwa mbali. Huwezi kujua tofauti unayoiona ni ya spishi au ya mnyama yule mmoja.

Mambo mawili ya mwisho, ya kiutendaji. Tangu siku ya kwanza tumia spiriti ya ethanoli ya asilimia 95 au 96, weka mahali pa baridi na giza, na usiguse fomalini, maana ukibadili mawazo baadaye kuhusu DNA utakuta imeharibika. Na kabla ya kutuma chochote nje, hakikisha vibali vyako vya utafiti vya COSTECH au NACOSTI (tume za sayansi na teknolojia za Tanzania na Kenya) na vya kusafirisha vielelezo viko sawa, kisha kubalianeni kwa maandishi kwamba holotaipu itarudi, au sehemu ya vielelezo vingine vya spishi hiyo ibaki kwenye makumbusho ya nchi ilikotoka.